Kabla ya Kujua: Insha ya Maisha na Msiba wa Kisiwa Panza

Habari ya Kisiwa Panza ilipoenea Machi 2024, ilisomwa kwa mpangilio mmoja karibu kila mahali. Ilitangulia idadi: watu tisa wamefariki, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wamelazwa. Ikafuata sababu, nyama ya kasa. Pakafuata mahali, kisiwa kidogo kusini mwa Pemba, Wilaya ya Mkoani. Akatajwa daktari wa wilaya akisema kuwa vipimo vimethibitisha kwamba waathirika wote walikula nyama hiyo. Mwisho ukaja wito wa serikali kwamba watu waache kula kasa.

Mpangilio huo una haki yake. Mwenye jamaa zake Panza aliyekuwa Dar es Salaam au Muscat siku zile alitaka kujua kwanza nani kafa na nani yu hai, si kusimuliwa hali ya bahari. Simlaumu mwandishi wa habari. Ninachokihakiki hapa ni insha ya masimulizi, ile ambayo mtu anaandika jambo lililomfika mwenyewe, na ugonjwa wake mkubwa katika Kiswahili cha leo: imekopa mpangilio wa taarifa ya habari. Mtu aliyekuwepo tangu asubuhi anaandika kama aliyefika baada ya maziko. Naamini insha ya aina hii inasimama au inaanguka kwa jambo moja, mpangilio wa kujua. Mambo yaandikwe kwa utaratibu ule ambao mwandishi aliyajua, si kwa utaratibu aliokuja kuelezwa baadaye. Kisiwa Panza kinanipa mfano ulio mgumu kuliko mingine ninayoifahamu, na kwa hiyo ulio mzuri kupimia.

Katika taarifa zile kuna jambo lililopita upesi sana. Mtu mzima pekee kati ya wale tisa, aliyefariki Ijumaa usiku, alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia kufa. Jambo hilo lilikaa katika sentensi moja, kisha taarifa ikaendelea na mengine. Lisome polepole. Nyama ililiwa Jumanne, tarehe 5. Mama akafariki usiku wa Ijumaa. Kati ya kifo cha mtoto na kifo cha mama upo muda, na taarifa haina pa kuuweka muda huo, kwa sababu taarifa inahesabu watu, na muda haujumlishwi na watu. Insha ya masimulizi ingeanza kazi papo hapo.

Chukua sentensi mbili. Zote nimeziunda mwenyewe kwa ajili ya hoja hii, si maneno ya mtu wa Panza. Ya kwanza: *Watoto waliofariki walikuwa wamekula nyama ya kasa.* Ya pili: *Watoto walikula, wakashiba, wakaenda kucheza.* Ya kwanza haina kosa la sarufi wala la ukweli. Lakini tazama kirejeshi kinafanya nini. Neno "watoto" halijapumua, limeshafungwa na "waliofariki". Kifo kimekuwa sifa yao, kama mtu anavyosemwa kuwa mrefu au mfupi, na hatuwezi tena kuwaona bila hicho. Kisha "walikuwa wamekula" inausukuma mlo nyuma ya kifo, mahali ambapo mlo si mlo tena bali ni ushahidi. Sentensi nzima inatazama kutoka hospitali kurudi nyumbani.

Ya pili inatazama kutoka nyumbani kwenda mbele, na mbele hakuonekani. Watoto wamo ndani yake wakiwa hai. "Wakashiba" haimsaidii daktari, na "wakaenda kucheza" haimsaidii yeyote, lakini ndiyo maneno ambayo mama angeyakumbuka. Msomaji anajua mwisho, sentensi haijui. Maumivu ya insha yanatoka katika pengo hilo, na hakuna kivumishi, si "cha kusikitisha" wala "cha kutisha", kinachoweza kufanya kazi yake. Mwandishi anayeanza na "msiba mkubwa ulitupata" amelijaza pengo kabla hatujaliona.

Tulijifunza wapi kulijaza? Shuleni, nadhani. Kila aliyesoma Kiswahili Afrika Mashariki amewahi kupewa insha ya siku asiyoisahau. Umbo lake tunalijua kwa moyo. Aya ya kwanza ni alfajiri: jua linachomoza, ndege wanaimba, mwandishi anaamka mwenye furaha kupita kawaida. Mapema tu anatuambia kwamba hiyo ndiyo siku ambayo hataisahau mpaka anaingia kaburini. Katikati kuna ajali au msiba. Aya ya mwisho ni funzo, na methali ya kulifungia. Mwalimu anatoa alama kwa ndege, kwa methali, na kwa usafi wa maandishi.

Nimesoma insha nyingi za aina hii na sioni aibu kusema kwamba nyingine zimeniliza, lakini zilizoniliza ni zile ambazo mwanafunzi alisahau umbo akaandika kitu. Umbo lenyewe lina dosari mbili. Kwanza, kichwa kimeshamwamuru mtoto ajue mwanzoni kitu ambacho siku yenyewe haikujua. Jumanne ile Panza haikuwa siku isiyosahaulika mpaka watu walipoanza kuungua mdomo na koo, kutapika, kulemewa na usingizi usio wa kawaida, kwa maana hizo ndizo dalili za sumu ya kasa, na huweza kuchukua saa nyingi au hata siku kujitokeza. Kabla ya hapo ilikuwa siku ya kitoweo. Pili, aya ya funzo inayageuza yote yaliyotangulia kuwa mfano wa jambo fulani, na mtu aliyefiwa na mwanawe hakuishi mfano.

Najua nitapingwa hapa, na pingamizi ni la haki. Je, si lazima watu waonywe? Novemba 2021, miaka miwili na kitu kabla ya Panza, watu saba walifariki Pemba kwa nyama ya kasa, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Funzo ni la uhai na kifo. Nakubali, na nataka litolewe na daktari, na sheha, na khatibu wa Ijumaa, na redio, kwa sauti kubwa na bila mapambo. Insha ina njia yake ya kuonya. Onyo la mtu asiyekiri kwamba nyama ile ni tamu halisikilizwi na anayeijua ladha yake. Mwandishi anayeusimulia mlo kama ulivyokuwa, na furaha yake yote, anamweka msomaji mezani pamoja na waliokula, na msomaji huyo akiinuka hapo ameonywa kwa namna ambayo bango haliwezi.

Msomaji wa mbali huuliza swali moja tu: walijua, kwa nini walikula? Swali hilo lina jibu la kitaalamu. Sumu haina harufu wala rangi, kuchemsha hakuiondoi, na wataalamu wanaihusisha na vile anavyokula kasa baharini, hasa miani yenye sumu, ndiyo maana kasa mmoja huua na mwingine hulisha. Lakini lina pia jibu la sarufi, na ndilo linalonihusu. Jibu hilo liko katika *hu-*. Kasa huliwa. Mtu akitoka baharini na kitoweo hugawa. Watoto hupewa mwanzo. *Hu-* haina tarehe. Imekusanya miaka yote ambayo mtu alikula, na babu yake akala, wasidhurike. Insha inayoruka moja kwa moja kwenye *-li-*, kwenye Jumanne ile peke yake, inamwacha mlaji aonekane mjinga. Aya mbili za *hu-* kabla ya *-li-* ya kwanza zingemrudishia akili yake mbele ya msomaji. Sizioni kama utangulizi wa kupamba, ni utetezi.

Baada ya *-li-* inakuja *-ka-*, na hapa lazima niseme kitu dhidi ya hoja yangu mwenyewe. *-ka-* ndiyo injini ya masimulizi yetu. Inafuata mpangilio wa kujua bila kuulizwa: nikatoka, nikaona, nikaita. Lakini utaratibu peke yake hautoshi. Soma maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ni nathari yenye nguvu, ya mtu anayekumbuka njia, machifu na idadi ya pembe. Mnyororo wa vitendo unakwenda mbio, na ndani ya mbio hizo vita vinapita, vijiji vinapita, watu waliotekwa wanapita, na hakuna mahali ambapo mnyororo unasimama kumtazama mmoja wao. Kila jambo limewekwa baada ya jingine, kwa uaminifu wa utaratibu, na bado kuna upofu mkubwa. Mfanyabiashara wa watumwa hakuhitaji kusema uongo, ilimtosha kutosimama.

Kwa hiyo ustadi wa insha uko katika kujua pa kuukata mnyororo. Kiswahili kina visu vya kukatia. *-ki-* inafungua dirisha: nikamkuta amekaa, akinitazama. *-me-* inagandisha. Mwandishi wa Panza angeiacha *-ka-* iende mbio wakati wa kutafuta chombo cha kuvukia usiku, maana mbio ndizo zilizokuwa mbio, kisha aikate pale asipoweza kukimbia tena, ndani ya chombo, ambapo kisiwa kiko nyuma, hospitali iko mbele, na mtu hana la kufanya ila kukaa na mgonjwa. Hapo *-ka-* ikiendelea ni uongo wa kimuundo. Wakati wenyewe ulisimama.

Niingize neno kuhusu Kipemba. Katika mazungumzo ya visiwani "kala" hubeba kazi ya "amekula", na mtoto wa Panza akiandika hivyo kwenye insha yake huwekewa alama nyekundu. Matokeo tunayaona katika maandishi mengi: masimulizi yanakwenda kwa Kiswahili sanifu, na Kipemba kinaruhusiwa ndani ya alama za mtajo tu, kinywani mwa bibi. Mwandishi anakuwa mtu wa shule, jamaa zake wanakuwa wahusika. Pemba ndiyo iliyotoa washairi Kamange na Sarahani, ndiko alikozaliwa Said Ahmed Mohamed. Haihitaji ruhusa ya mtu kuandika masimulizi yake kwa ulimi wake, angalau pale ulimi huo unaposema jambo ambalo usanifu unalipoza.

Suala gumu kuliko yote ni kauli ya kutendwa. Kasa analindwa na sheria, Zanzibar na Bara. Anayeandika "nilikula kasa" anakiri kosa. Anayeandika "fulani alimleta" anamkabidhi jirani yake kwa polisi, na huenda jirani huyo naye amezika. Kisiwani watu wote wanajuana. Ndipo lugha inapotoa msaada wake: kasa akaletwa, akachinjwa, nyama ikagawiwa. Vitenzi vitatu, na hakuna mkono hata mmoja.

Mhakiki wa haraka angesema kauli hiyo ni kukwepa ukweli. Mimi naiona kwanza kama stara, na stara ni sehemu ya sanaa yetu ya kusema, si upungufu wake. Msomaji wa pwani anaposoma "nyama ikagawiwa" anaelewa kwamba mgawaji yupo, anajulikana, na ametunzwa. Ukimya huo una mtu ndani yake. Lakini kauli ya kutendwa ikiachiwa inaenea, na ikifika kwa msimulizi mwenyewe imeoza. "Nyama ikapikwa, watoto wakapewa": kama aliyepika na kuwapa ni huyo anayeandika, basi hapo stara imekwisha na kujificha kumeanza. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: jirani asitiriwe kwa kauli ya kutendwa, lakini mkono wa mwandishi mwenyewe ubaki katika kauli ya kutenda. Nilipika. Nilimpakulia. Aliomba zaidi, nikamwongeza. Sentensi hizo tatu ni nzito kuziandika kuliko ukurasa wowote wa huzuni, na bila hizo sijui kwa nini mtu aandike insha kwa nafsi ya kwanza.

Kuhusu nafsi hiyo, wengi huogopa "mimi" kwa kuona ni majivuno, hukimbilia "sisi wanakisiwa". "Sisi" ya Panza ni ya kweli, kwa sababu nyama iligawanywa na walioumwa walikuwa wengi. Hata hivyo "sisi" haijui chochote kwa wakati mmoja. Mmoja alijua alfajiri, mwingine adhuhuri, mwingine alipoona watu wanakimbilia bandarini. Idadi ya 78 hakuijua mtu yeyote kisiwani usiku ule. Aliyekuwepo alijua nyumba yake na ya jirani. Namba hiyo, ikiingia katika insha, iingie pale mwandishi alipoisikia kwa mara ya kwanza, huenda redioni, na iingie na ugeni wake wote, mtu anaposikia usiku wake ukisomwa kwa hesabu.

Tarehe nayo ni hivyo hivyo. "Tarehe 5 Machi 2024" ni ya faili. Aliyekuwepo angesema Shaaban imekaribia kwisha, Ramadhani imebaki wiki moja hivi. Mvuvi angesema maji yalikuwa mafu, kwani mwezi ulikuwa umetoka tu kupita robo yake ya mwisho. Kalenda hizi mbili zinabeba kile ambacho watu walikuwa wanakitazamia siku ile, na mwezi wa toba na futari uliokuwa unakuja unaubadilisha msiba mzima bila mwandishi kueleza.

Anapofikia huzuni yenyewe, mwandishi wa Kiswahili ana mwalimu mkubwa. Katika *Maisha Yangu*, Shaaban Robert anaandika nathari ya mtumishi wa serikali, safi, yenye adabu, inayopima kila kitu. Anapofiwa na mkewe Amina, nathari hiyo inapisha shairi. Mabadiliko hayo ya umbo yana maana kubwa. Nathari humzungumzia marehemu. Shairi huzungumza naye mwenyewe, kwa "wewe", kama yupo. Shaaban Robert anahama kutoka nafsi ya tatu kwenda ya pili, na vina na mizani vinamshikilia asivunjike. Waliomfuata wameiga shairi wakaacha kilicholistahilisha. Kwake beti zinafika baada ya maisha ya ndoa kusimuliwa kwa kiasi na utulivu. Kwa waigaji beti zinawekwa mahali pa kusimulia, ili wasilazimike kusema nini kilitokea chumbani. Ningemwambia mwandishi wa Panza asiliogope shairi, bali aone kwanza kama amelilipia kwa nathari.

"Wewe" hilo lina ukoo mrefu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi akiwa mgonjwa, karibu mwaka 1858. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alianza kuandika kumbukumbu zake Ujerumani kwa ajili ya watoto wake kabla hazijachapishwa mwaka 1886. Wote wawili walikuwa na msikilizaji aliyejulikana, na umbo la maandishi yao limetokana naye. Salme analazimika kueleza nyumba, chakula, mavazi, kwa kuwa watoto wake hawajaviona. Kurasa zake nyingi ni maelezo, na zinapochosha zinachosha kwa sababu hiyo. Insha ya Panza inayomwandikia msomaji wa Ulaya itapotea katika maelezo hayo hayo: kasa ni nini, Pemba iko wapi, watu wanaishije. Ikimwandikia mtoto aliyenusurika, ambaye siku moja atauliza, haitaeleza kasa. Itaeleza nani alikaa wapi.

Na umbo hilo halihitaji kutungwa upya. Lipo mkekani. Katika msiba wa pwani kila anayeingia hutoa pole, hukaa, husoma fatiha, kisha huuliza taratibu ilikuwaje. Mfiwa husimulia. Akija mwingine, husimulia tena, toka mwanzo. Sikiliza anapoanzia: alikuwa mzima, tumekula naye, kacheka, kaniuliza jambo fulani. Haanzi na kifo hata mara moja, ingawa wote waliokaa pale wamekuja kwa sababu ya kifo. Maneno ya qadari, kwamba ni kazi ya Mungu, hayamtangulii. Husemwa mwishoni, mara nyingi na msikilizaji, kama mkono wa kumsaidia mfiwa anyamaze. Mpangilio wa kujua umehifadhiwa hapo kwa uangalifu ambao insha zetu za shule zimeupoteza, na umehifadhiwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wanasimulia vizuri.

Ombi langu kwa walimu wa Kiswahili wa Mkoani na kwingineko ni kwamba wakitoa insha ya masimulizi waifute aya ya funzo katika mwongozo wa kusahihishia, na wasitoe alama kwa methali ya mwisho. Wahariri wa magazeti na majarida yetu watenge kurasa kwa masimulizi marefu ya nafsi ya kwanza kutoka visiwani, wayapokee na Kipemba chake, na wasiyapange upya ili kifo kije juu. Nawe uliyekuwepo Panza wiki ile, kama unaweza kuandika, andika. Kama huwezi, msimulie mwanao au jirani mwenye kalamu akuandikie, na mkatalie akitaka kuanza na idadi.